Hemerokali Nyekundu: Ua la Siku Moja na Urithi Wake

Miongoni mwa malalamiko ambayo wauza miche ya maua nchini Marekani huyasikia mara kwa mara, limo moja linalostahili kuangaliwa kwa makini na kila mwanafunzi wa elimu ya viumbe. Mtu hununua mche wa hemerokali yenye ua jekundu, akaupanda mbele ya nyumba yake, akaupalilia na kuumwagilia maji, nao ukachanua kwa miaka mitatu au minne kama alivyoutarajia. Kisha, polepole, maua ya rangi ya machungwa iliyofubaa yakaanza kujitokeza katikati ya yale mekundu, na baada ya miaka michache zaidi wekundu ukatoweka kabisa. Mwenye bustani husema kwamba ua lake "limerudia asili". Wengine humlaumu muuzaji, wengine huilaumu mbolea, udongo au ukame.

Kwa kweli hapana ua lililorudia chochote. Lililotokea katika bustani hiyo ni tukio la urithi na uzazi wa mimea, na mwenye kulielewa hawezi kuupoteza wekundu wa ua lake hata akilitunza kwa miaka 50. Lakini ili kulielewa, yapasa kwanza kuujua mmea wenyewe, na kujua pia kwamba rangi hiyo nyekundu haikuwako katika bustani za Ulaya na Marekani mpaka karne ya 20, wala haikupatikana kwa urahisi.

Mmea na asili yake

Jenasi ya hemerokali ilipewa jina lake la kitaalamu, Hemerocallis, na Linnaeus mwaka 1753. Jina hilo limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja likimaanisha siku na jingine uzuri. Maana kila ua huchanua asubuhi na kunyauka kabla ya asubuhi inayofuata. Watu wengi huuhesabu mmea huu kuwa jamii ya yungiyungi kwa sababu ya umbo la ua lake, lakini yungiyungi la bustani huota kutoka kwenye tunguu lenye magamba, ilhali hemerokali haina tunguu. Ina shina fupi sana lililojificha ardhini, mizizi minene inayohifadhi maji na chakula, na majani marefu membamba yaliyopangika mithili ya upepeo wa kupepea moto.

Kutoka katikati ya majani huinuka bua lisilo na majani, nalo hubeba matumba kadhaa. Ua lina vipande sita vya rangi, yaani sepali tatu za nje na petali tatu za ndani, stameni sita, na ovari yenye vyumba vitatu. Ijapokuwa ua moja huishi siku moja tu, tumba jingine huchukua nafasi yake kesho yake, na hivyo kichaka kimoja kinaweza kupamba bustani kwa majuma matatu au manne.

Nyumbani kwa mimea hii ni Asia ya Mashariki: China, Korea na Japani. Wachina wameitumia tangu kale kama chakula, na hadi leo matumba yake makavu huuzwa sokoni na kutiwa katika supu. Ulaya iliipokea katika karne ya 16, na walowezi wakaivusha mpaka Amerika. Aina iliyoenea kuliko zote ilikuwa moja ya spishi Hemerocallis fulva, yenye rangi ya machungwa iliyochanganyika na wekundu kama wa chuma chenye kutu. Aina hiyo, ambayo baadaye ilipewa jina la 'Europa', ilikuwa na tabia ya ajabu: ilistawi popote, mashambani na kando ya barabara, ikachanua kila mwaka, lakini haikufunga mbegu.

Mmea mmoja katika mabara mawili

Mkulima wa Bukoba au wa Rungwe hatalishangaa jambo hili, kwani anaishi nalo. Migomba yake haizai mbegu, bali hupandwa kwa machipukizi yanayong'olewa ubavuni mwa mgomba mama. Seli za migomba mingi ya chakula zina kromosomu 33, yaani seti tatu zenye kromosomu 11 kila moja. Kwa sadfa ya kupendeza, hemerokali nayo huhesabu kwa 11. Spishi zake za kawaida zina kromosomu 22, na 'Europa' ina 33, sawasawa na mgomba.

Seli za uzazi zinapotengenezwa, kromosomu hujipanga jozi jozi, kisha kila jozi hutengana, mmoja huku na mwenziwe kule. Kromosomu 22 hutengana 11 kwa 11 bila taabu. Kromosomu 33 haziwezi kufanya hivyo. Seti ya tatu hubaki haina wa kuunda naye jozi, kromosomu zake huangukia upande huu au ule bila mpango, na chembe nyingi za uzazi zinazotokea huwa na upungufu au ziada inayozifanya zisifae kitu.

Juu ya hayo, 'Europa' ina kizuizi cha pili. Chavua yake haiwezi kuyarutubisha maua yake yenyewe. Mtu angeweza kudhani kwamba kizuizi hiki kingeondoka kwa kutumia chavua ya mmea wa jirani, lakini jirani naye ni 'Europa', na 'Europa' zote ni vipande vya mmea mmoja uliogawanywa na kupandwa tena mara zisizohesabika. Kuchukua chavua kutoka kwenye ua la mji wa New York na kuipaka juu ya ua lililoko Ohio ni sawa na kutumia chavua ya ua lile lile. Mmea huu umeenea mabara mawili kwa nguvu ya majembe ya watu na ya mashina yake yanayotambaa chini ya ardhi, bila msaada wa mbegu hata moja.

Hapo ndipo alipoanzia kazi mtaalamu wa mimea wa Kimarekani, Arlow Burdette Stout, aliyeishi kutoka mwaka 1876 hadi 1957. Inasimuliwa kwamba tangu utotoni alikuwa akijiuliza kwa nini hemerokali za nyumbani kwao hazifungi mbegu. Mwaka 1911 aliajiriwa na Bustani ya Mimea ya New York, na sehemu kubwa ya utafiti wake ilihusu sababu zinazoifanya mimea iwe tasa. Kwa maneno mengine, hakuanza kwa kutafuta maua mazuri. Aliitaka sababu ya utasa wa 'Europa', na ili kuipata alihitaji spishi nyingine za kuilinganisha nazo. Aliandikia watu wengi wa Asia akiomba mimea hai na mbegu, akaikusanya katika vitalu vyake, akaichavusha kwa mkono na kuweka kumbukumbu ya kila ua.

Mmoja wa watu waliomsaidia ni Albert Steward, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Nanking nchini China. Mwaka 1924 alimpelekea Stout mimea iliyotoka milima ya Kuling, ambayo maua yake yalikuwa na wekundu wa waridi usiokuwa na ule uchafu wa rangi ya machungwa. Mimea hiyo ilifungua njia ya kuzalisha hemerokali za rangi ya waridi na baadhi ya nyekundu zilizo safi. Hata hivyo, kabla ya kizazi hicho kutoa matunda yake yote, Stout alikuwa tayari amefika mbali kwa njia nyingine. Kwa kuchanganya spishi kadhaa, kuchagua miche iliyoelekea wekundu, kisha kuichanganya tena kizazi baada ya kizazi, alipata mmea ambao ua lake lilikuwa na wekundu mzito unaokaribia rangi ya mbao za mkangazi. Aliupa jina la 'Theron', nao ulitolewa kwa umma mwaka 1934, mwaka ule ule aliotoa kitabu chake kuhusu hemerokali. Huo ndio unaohesabiwa kuwa hemerokali ya kwanza yenye wekundu mzito.

Tangu hapo kazi ya kuzalisha aina mpya imekuwa burudani ya maelfu ya watu wa kawaida katika bustani zao. Jumuiya ya wapenda hemerokali ya Marekani iliundwa mwaka 1946, na aina zilizoandikishwa katika daftari lake zimepita 100,000. Ni idadi ya kutisha, na mtu anaweza kuuliza kama ulimwengu unahitaji hemerokali nyingi kiasi hicho. Mwenye bustani, lakini, hahitaji zaidi ya moja iliyo nzuri.

Wekundu uko wapi?

Rangi za maua ya hemerokali hutokana na makundi mawili ya kemikali yanayokaa mahali tofauti ndani ya seli. Karotenoidi, zenye rangi ya njano na ya machungwa, hukaa ndani ya vijisehemu vidogo vinavyoitwa plastidi. Antosianini, zenye rangi nyekundu na zambarau, zimeyeyuka katika maji ya seli, ndani ya vakuoli. Ua la 'Europa' lina vyote viwili kwa pamoja, na ndiyo sababu rangi yake haiko wazi. Ni kama kitambaa cha rangi ya machungwa kilichochovywa katika rangi nyekundu iliyo nyepesi. Mzalishaji anayetaka ua jekundu hana budi kuongeza antosianini mpaka zifunike kilicho chini yake. Njano ikibakia chini, wekundu huchangamka kama moto. Njano ikipungua sana na antosianini zikawa chache, hupatikana rangi ya waridi. Kooni mwa ua, ambako antosianini hazipo, njano au kijani huonekana wazi hata katika aina nyekundu kabisa.

Mwalimu asiye na hemerokali anaweza kuwaonyesha wanafunzi tofauti ya makundi haya mawili kwa vitu vya sokoni. Maua makavu ya rozela yakichemshwa hutoa maji mekundu, na wekundu huo ni antosianini. Maji hayo yakigawanywa katika bilauri tatu, ya kwanza ikaachwa kama ilivyo, ya pili ikatiwa maji ya ndimu, na ya tatu ikatiwa soda ya kupikia kidogo kidogo, wanafunzi wataona kwamba ndimu huzidisha wekundu, ilhali soda huugeuza kuwa zambarau na mwishowe rangi ya kibuluu au kijani. Kwa upande wa pili, mafuta ya mawese yana karotenoidi kwa wingi. Yakitikiswa pamoja na maji na kuachwa yatulie, rangi hubaki yote katika mafuta, na maji hayapati kitu.

Jaribio hili linaeleza mambo mawili ambayo kila mwenye hemerokali nyekundu huyaona bustanini. Kwa kuwa antosianini huyeyuka katika maji, mvua ikinyesha juu ya ua lililokwisha kuchanua mara nyingi huacha madoa meupe, na ua lililonyauka hutoa ute wenye rangi unaotia nguo waa. Tena, petali nyekundu iliyokolea hunyonya mwanga mwingi kuliko ya njano. Hupata joto zaidi, na jua la alasiri huweza kuidhoofisha ikaonekana kama iliyoyeyuka. Maua ya njano yaliyo hatua mbili kando yake huwa bado ni mazima.

Kuipanda na kuitunza

Kwa mfano itachukuliwa aina moja inayopatikana kwa wingi, 'Chicago Apache', iliyotokana na kazi ya James Marsh wa Chicago na kuandikishwa mwaka 1981. Bua lake hufikia urefu wa sentimita 70 hivi, na ua lake jekundu lenye koo la kijani lina upana wa sentimita 12 au 13. Katika majimbo ya kaskazini huchanua kuanzia Julai ikielekea Agosti.

Mahali pa kuipanda papate jua kwa muda usiopungua saa sita kwa siku, na kwa kuwa ua lake ni jekundu, ni bora zaidi jua hilo liwe la asubuhi, hasa katika majimbo ya kusini yenye joto. Kivuli cha kutwa hakifai: majani yatastawi na mabua yatakuwa machache. Udongo wowote usiotuamisha maji unatosha, ukitiwa mboji au samadi iliyooza vizuri. Shimo huchimbwa kina cha sentimita 30, na katikati yake hujengwa kichuguu kidogo cha udongo; mche huketishwa juu ya kichuguu hicho, mizizi ikitandazwa pande zote, kisha hufukiwa na kushindiliwa. Jambo la kuangaliwa kwa makini ni kina. Shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na mizizi, isizame zaidi ya sentimita 2.5 chini ya udongo. Miche mingi inayokataa kuchanua imezikwa mno. Nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 45 hadi 60.

Maji huhitajika zaidi wakati matumba yanapoumbika. Kipimo cha kawaida ni sentimita 2.5 za maji kwa juma, mvua ikihesabiwa humo. Wanafunzi wanaweza kupiga hesabu wenyewe: eneo la mita moja mraba lililofunikwa kwa maji ya kina cha sentimita 2.5 limepokea lita 25, yaani zaidi kidogo ya debe moja. Mbolea ya nitrojeni isizidishwe, kwani huleta majani mengi kwa hasara ya maua. Matandazo ya majani makavu huhifadhi unyevu na kuzuia magugu, ilmradi yasirundikwe juu ya shingo ya mmea.

'Chicago Apache' ni ya kundi la hemerokali zinazolala. Baridi inapoingia majani yake hufa yote, na mmea hungoja chini ya ardhi iliyoganda mpaka majira ya kuchipua. Usingizi huo ni sehemu ya maisha yake. Katika sehemu zisizo na baridi ya kutosha, kama kusini mwa Florida, aina nyingi za kundi hili hudhoofika mwaka hadi mwaka, na hapana sababu ya kutumaini kwamba zingefanya vizuri zaidi katika joto la Mombasa au Dar es Salaam. Kwa nchi zenye joto ziko aina nyingine zisizopukutisha majani. Mwenye paka naye ajihadhari: ijapokuwa binadamu hula matumba ya baadhi ya hemerokali bila kudhurika, mmea huu huharibu figo za paka na unaweza kumwua.

Kwa nini ua "hugeuka"

Sasa yawezekana kurejea kwenye lile lalamiko. Ua jekundu linalogeuka kuwa la machungwa lina maelezo mawili, na yote mawili yanahusu mmea wa pili uliojipenyeza.

La kwanza ni 'Europa' yenyewe. Aina nyingi za kisasa hukua kwa kujikusanya kichaka kimoja, lakini 'Europa' hutambaa chini ya ardhi kwa mashina yake na kuibuka mbali. Kipande kidogo kikisalia kitaluni, au kikipita chini ya ua wa jirani, huingia katikati ya kichaka chekundu na kukisonga. Majani ya mimea hii miwili yanafanana kiasi kwamba mwenye bustani hatambui lolote mpaka siku ya kuchanua.

La pili ni mbegu. 'Chicago Apache' si tasa kama 'Europa', kwani ina kromosomu 44, yaani seti nne, na hesabu ya shufwa hugawanyika vizuri. Seti hizo nne ni kazi ya binadamu. Mwaka 1937 wataalamu Blakeslee na Avery walieleza jinsi kolkisini, sumu itokayo katika mmea wa Ulaya uitwao Colchicum, inavyozuia kromosomu zilizokwisha kujirudufu zisitengane, hata seli ikabaki na idadi maradufu. Sumu hiyo hiyo imo katika Gloriosa superba, mmea unaoparamia vichaka vya Afrika Mashariki na kutoa maua mekundu yenye kingo za njano, ambao wazee wengi huwakataza watoto kuuchezea. Wazalishaji wa hemerokali walianza kuitumia kolkisini katika miaka ya 1940, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Griesbach na Orville Fay, waliofanya kazi katika eneo la Chicago, walitoa aina zilizoifanya njia hii ipate kukubaliwa na wengi. Kwa kawaida aina zenye seti nne huwa na petali nene na mabua yenye nguvu.

Ila urithi wake una mficho mkubwa. Mwanafunzi aliyesoma kazi ya Mendel anajua kwamba mmea wa Aa ukijichavusha, mmoja kati ya wanne wa watoto wake atakuwa aa. Na achukue sasa mmea wenye seti nne, ambao kwa sifa fulani ni AAaa. Kila chembe yake ya uzazi hupokea nakala mbili kati ya nne, na njia za kuchagua mbili kati ya nne ni sita: moja hutoa AA, nne hutoa Aa, na moja hutoa aa. Basi mtoto mwenye aaaa hupatikana mara moja katika 6 zidisha kwa 6, yaani mmoja katika 36. Sifa iliyojificha inaweza kukaa vizazi vingi bila kuonekana, kisha ikajitokeza. Na rangi ya ua haitawaliwi na jeni moja kama katika mfano huu, bali na kadhaa kwa pamoja, tena nyuki na wadudu wengine huleta chavua ya aina nyingine zilizo karibu. Kwa hiyo katika miche iliyotokana na tunda moja la ua jekundu, kila mmoja unaweza kuwa na rangi yake: wekundu mwingine, machungwa, njano, au rangi isiyo na jina.

Tunda lisipokatwa hukauka, hupasuka, na mbegu zake nyeusi zinazong'aa huanguka palepale miguuni mwa mama. Miche huota kati ya majani yake, na baada ya miaka miwili au mitatu huchanua. Wenye nguvu zaidi humsonga mama yao. Hapo ndipo mwenye bustani husema ua limegeuka, naye amekwisha kumpoteza mama na kubaki na watoto aliodhani kuwa ni yeye.

Dawa ni ndogo. Maua yaliyonyauka yaondolewe pamoja na matunda machanga yaliyo chini yake, jambo ambalo pia huuokolea mmea chakula. Kila mche mpya unaoota pembeni ung'olewe, au uhamishiwe kitalu kingine na usiitwe kwa jina la mama yake, hata kama ua lake ni jekundu na zuri kuliko lake. Atakayependa kufanya uzalishaji apake chavua kwa mkono asubuhi, afunge kibandiko chenye majina ya wazazi wote wawili, na angoje siku 40 hadi 60 tunda likomae. Hiyo ni kazi nyingine, na ina raha yake.

Njia ya kuongeza mmea ule ule ni kuugawanya. Kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, maua yanapokwisha au majira ya kuchipua yanapoanza, kichaka hung'olewa chote kwa jembe uma, udongo hukung'utwa na kuoshwa, na mashada hutenganishwa kwa mikono. Pale yaliposhikana sana hutumika kisu. Kila sehemu ibaki na mashada mawili au matatu ya majani pamoja na mizizi yake, majani yakatwe yabaki sentimita 15, na mizizi iliyooza iondolewe. Kila sehemu hiyo ni 'Chicago Apache' kamili, kama vile chipukizi la mgomba wa mzuzu lilivyo mzuzu. 'Theron' wa mwaka 1934 bado unapatikana katika bustani zinazotunza aina za kale, na haukufika huko kwa mbegu. Umepita mikononi mwa watu, shada kwa shada, kwa zaidi ya miaka 90.

Lakini kufanana huko kuna gharama yake, na mwaka 2000 wapenda hemerokali wa Marekani walianza kuilipa. Mwaka huo ugonjwa wa kutu unaosababishwa na kuvu aitwaye Puccinia hemerocallidis, uliojulikana tangu zamani huko Asia, uligunduliwa katika jimbo la Georgia, na muda si mrefu ulikuwa umefika majimbo mengi. Ulisafiri katika vifurushi vya posta, juu ya miche ambayo watu walikuwa wakipelekeana kwa nia njema. Vumbi la rangi ya machungwa hujaa upande wa chini wa majani, nayo hukauka kabla ya wakati. Aina nyingine huugua sana, nyingine huugua kidogo, nyingine haziugui. Lakini aina moja ikiwa haina kinga, basi hakuna shada lake hata moja lenye kinga, popote lilipo. Wakulima wa ndizi za biashara walilijua jambo hilo mapema zaidi, mnyauko wa Panama ulipoyamaliza mashamba ya ndizi aina ya Gros Michel katika Amerika ya Kati, na wakulima wa Kagera na Uganda wamelijua katika karne hii kupitia mnyauko wa bakteria, ambao husafiri ndani ya machipukizi na juu ya mapanga.

Katika sehemu zenye baridi kali, kutu hufa pamoja na majani wakati wa kipupwe, na bustani huanza mwaka mpya ikiwa safi mpaka mche mwingine mgonjwa uletwe. Kwa sababu hiyo mche mgeni, hata ukitoka kwa rafiki, hukatwa majani yote, majani hayo hayatiwi katika shimo la mboji, na mche hupandwa mbali na mingine kwa miezi kadhaa. Kisu kilichotumika huoshwa. Majani mapya yanapotoka, hufutwa kwa karatasi laini nyeupe upande wa chini. Karatasi ikipata mstari wa rangi ya machungwa, mche huondolewa. Ikitoka safi mara zote, mche huhamishiwa kitaluni pamoja na wenzake.